Waya wa Buluu

Mwanjelwa, Jumamosi, manyunyu yasiyo na haraka.
Ambindwile wa vifaa ananipangia visanduku mezani
kama anayegawa karata.

Hiki, anasema, kidogo kama kipande cha sabuni,
unakichomeka nyuma ya runinga, kinavuta filamu hewani.
Hewa ipi? Kwetu Tukuyu
ukungu ukishuka mtandao nao hukaa kitako,
na bando la wiki huisha
kabla filamu haijataja jina lake.

Hiki cha pili kina kumbukumbu haba:
kitafungua mafaili yako, ila kitawaza kwanza,
kama karani wa ardhi.
Na hiki? Hiki ndugu yangu ni ghala,
weka humo hata harusi ya babu yako.
Nikauliza bei. Nikarudisha mkono mfukoni.

Sikumwambia diski yangu imebeba nini.
Nilisema tu, video za nyumbani,
kama mtu aliyefika hospitali akasema, homa kidogo.

Nyumbani ipo laptop ya dada Subilaga,
aliiacha alipohamia Makambako:
kioo kimepasuka kona hadi kona,
kibodi haina M,
spika zilinyamaza tangu siku ya chai kumwagika.
Lakini inawaka. Diski inaitambua.
Haiombi ruta, haiombi bando,
inaomba waya tu wa kuifunga na runinga,
ile bapa ya zamani aliyoitundika baba kwa misumari ya inchi nne,
ikalalia kushoto, na hadi leo
tunatazama habari tukiwa tumeinamisha shingo.

Waya mweusi, mwembamba, elfu kumi na nane.
Waya wa buluu, mnene, skrubu mbili, uliokwishatumika: elfu nne.
Nikachukua wa buluu.
"Ila huo..." Ambindwile akaanza,
mteja akaingia na redio kwapani.

Jioni umeme ulikuwepo. Hicho nacho ni kifaa,
na hakuna duka linalokiuza.
Mama akasogeza kigoda, jiko la mkaa miguuni.
Laptop ikakoroma. Runinga ikapepesa.
Kisha baba.

Baba katikati ya chai, na lile sweta la kijani,
ananyoosha mkono kwetu, mdomo unafunguka,

kimya.

Nikapandisha sauti hadi mia. Kimya.
Nikachomoa, nikapuliza vitundu, nikachomeka.
Waya wa buluu hubeba picha peke yake:
ndilo neno lililokatizwa na redio.

"Acha," mama akasema. "Mimi namsikia."
Akaanza kutusomea midomo.
Hapa anasema, majani ya mwaka huu ni laini.
Hapa ananiita, Mama Subi, njoo nawe uonekane.
Hapa... akavuta khanga hadi puani...
hapa ni mambo ya watu wawili.
Watoto wa Subilaga, waliokuja likizo, wakaanguka kwa kicheko.

Mwezi uliofuata nilirudi Mwanjelwa na elfu kumi na nane kamili.
Nikaujaribu waya mweusi usiku, peke yangu, sauti chini.
Kwanza upepo, upepo wa Rungwe
unaokwaruza kipaza sauti kama kuku kwenye bati.
Halafu yeye, wazi kabisa:
"Zima hiyo, inakula betri.
Na nani kaacha lango? Ndama katoka."

Nikarudia mara tatu,
maana sauti ilikuwa yake.

Kisha nikauchomoa, nikaukunja,
nikaulaza kwenye droo ya risiti za Luku.
Nikakaza skrubu mbili za buluu
kwa gumba na shahada, taratibu,
nisimwamshe mtu.

Jumapili mama akavuta kigoda bila kuitwa.
Diski ikazunguka.
Safari hii baba aliongeza
na habari za bei ya mbolea.